Maji Hayakuwa Sifuri

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai ya baba yangu, na kabla sijasalimia mtu nikaamriwa niivue. Chef de Service, yaani mkuu wa chumba cha mashine, alikuwa amesimama mlangoni na kalamu nyuma ya sikio. Aliniangalia shingo, hakuniangalia uso.

"Weye njo mupya? Toa ile kamba. Imprimante ikiikamata, itakuvuta na kichwa."

Njo ni ndiyo ya kwetu, na imprimante ni mashine ya kuchapa. Ya kwetu ilikuwa kubwa kama kabati, ikitoa karatasi pana zenye matundu pembeni, na ikipiga kelele mpaka tukazoea kusemeshana kwa mikono. Nikaikunja tai mfukoni, nikaanza kazi ambayo vijana wa hapa Lubumbashi wananiulizia kila Jumamosi: "Papa Norbert, kati ya lugha za script, ya muzuri ni gani?" Wanataka neno moja. Wanataka niseme Python kama siku zote, wapige makofi, waende zao kunywa. Basi leo nitawajibu sawasawa, lakini mtakaa chini na mtasoma mpaka mwisho, maana jibu langu lina maiti ndani yake. Nitajaribu kuandika Kiswahili cha kitabu. Hasira ikinipanda, mtanivumilia.

Kwanza mjue script ni nini, kwa sababu wengi mnaitaja bila kuijua. Ni programu fupi. Programu kubwa unaijenga miezi, halafu unaigeuza iwe lugha ya mashine ndipo itembee. Script unaiandika asubuhi, mashine inaisoma mstari kwa mstari, na mchana imekwisha kukufanyia kazi. Ni kazi ya fundi anayeunganisha vitu ambavyo wengine wamevitengeneza. Kampuni ya migodi iliyoniajiri, ambayo siku hizi imekufa na jina lake nimelizika, ilikuwa na faili za kila aina: za migodi, za treni, za hospitali. Sisi watu wanne wa chumba cha mashine tulikuwa tukizishona pamoja.

Chef de Service alinianzisha na shell, ile lugha ambayo unaongea nayo na mashine ya Unix moja kwa moja. Aliniambia nguvu yake ni gundi: inashika chochote na chochote. Udhaifu wake akanionyesha siku hiyohiyo. Kila mashine ya Unix ina mahali panaitwa /dev/null. Unachotupa humo hakirudi tena, ni choo cha shimo cha mashine. Programu ikilalamika kwamba kuna kosa, unaweza kuandika alama chache tu, na malalamiko yake yote yakamwagika shimoni, nawe ukaona skrini safi.

"Iko raha sana," akasema. "Njo maana iko mubaya. Mutu anayetupa makosa mu shimo, mi namufukuza siku ileile. Umesikia?"

"Nimesikia, Chef."

"Sema tena."

Nikasema tena. Alikuwa mtu mkali, wa asili ya Kasai, mwenye kupiga pasi mpaka leso. Nilimwogopa miaka miwili, kisha nikampenda bila kumwambia.

Baada ya shell akanipa awk. Vijana wengi hamuijui, mnaisikia kama jina la dawa. Awk ni kisu kidogo cha kukata safu. Ukiwa na faili yenye mistari elfu, na kila mstari una vipande, awk unaiambia: nitolee kile kipande cha nne kikizidi sita. Mstari mmoja wa maandishi, kazi imekwisha. Hakuna lugha niliyoipenda kama ile. Na hakuna lugha iliyonitendea ubaya kama ile, ingawa nikisema hivyo najipunguzia deni langu mwenyewe.

Kazi yangu kubwa ilikuwa listi nyekundu. Sikilizeni vizuri hapa, ndipo jambo lote lilipo. Mgodi wa chini ya ardhi unaingia maji usiku na mchana. Maji hukusanywa kwenye puisard, yaani shimo la mwisho kabisa chini, na pompe zinayasukuma juu. Ukutani mwa puisard kuna échelle, ngazi ya rangi iliyochorwa namba za mita, kuanzia sifuri hadi nane. Pompiste, mlinzi wa pompe, anasoma maji yamefika namba gani, anaandika kwenye daftari la zamu. Kila alfajiri daftari linasomwa kwa phonie, ile redio ya kusemeshana na mbali, na huku mjini Mama Ida, mwanamke mwenye vidole vya haraka kuliko wote, anachapa kila anachosikia. Mimi script yangu inachukua faili ya Mama Ida, inachagua vituo ambavyo maji yamezidi mita sita, saa kumi na mbili asubuhi listi inatoka. Kituo kilichomo kwenye listi kinapelekewa pompe ya akiba na mafundi wa umeme. Kisichokuwamo hakipati hata msumari.

Sasa, pompiste ni mtu kama wewe. Kuna siku taa imekufa, kuna siku kushuka ni hatari, kuna siku hataki tu. Siku hizo badala ya namba aliandika RAS: rien à signaler, hakuna la kusema. Hii RAS ndiyo desturi yetu. Polisi anaiandika, muuguzi anaiandika, mlinzi aliyelala fofofo akiamka anaiandika. Mkubwa anapenda kuiona na mdogo anapenda kuiandika. Chef de Service aliichukia kama nyoka. Aliniamuru niweke ukaguzi: kama kwenye nafasi ya namba kuna kitu kisicho namba, mstari ule uende juu kabisa ya listi, peke yake, chini ya maneno "ULIZA HAWA". Na kweli tulikuwa tunawauliza.

Kwenye kituo kimoja cha mbali, siku nzima ya barabara kutoka mjini, pompiste alikuwa shemeji yangu Kalenga, mdogo wake mke wangu Antoinette. Kazi ile nilimwombea mimi. Alikuwa mrefu, mcheshi, na kwa sababu ni shemeji alikuwa na ruhusa ya kunitania bila huruma.

"Shemeji," angeniambia akija likizo, mkono ndani ya sahani yangu ya bukari, ule ugali wetu, "ile mashine yako inajua kuogelea?"

"Inajua kuliko weye."

"Muzuri. Siku maji itanifika ku shingo, nitaiandikia barua."

Anto alicheka mpaka akajishika ubavu. Mimi pia nilicheka. Nakumbuka alimaliza samaki wote.

Halafu nchi ikaanguka. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, na nyinyi vijana mmesimuliwa mpaka mmechoka, kwa hiyo nitasema niliyoyaona mimi. Niliona askari wakibeba friji ya duka kichwani. Niliona Wazungu wa Kampuni wakienda Luano kupanda ndege, na funguo za ofisi wamezisahau mifukoni. Kisha wanasiasa wa hapa na vijana wao wakaanza kuwafukuza wenzetu wa asili ya Kasai, watu waliozaliwa hapa, ambao baba zao walizikwa hapa. Chef de Service nilimkuta kwenye kituo cha treni, amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, mke wake na watoto wamemzunguka, wanasubiri treni isiyojulikana itakuja siku gani. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Sijui alipiga wapi.

"Norbert," akasema, "ule ukaguzi usiuondoe."

Nimefikiri sana. Mtu anafukuzwa kama mbwa katika mji wake, na neno lake la mwisho kwangu ni la kazi. Nilimwambia, "Siuondoe, Chef." Nikamwachia mkate niliokuja nao, nikaondoka.

Aliyekuja mahali pake aliitwa Chef a.i., yaani mkuu wa muda. Muda ule haukwisha. Alikuwa binamu wa mtu, na kuhusu mashine alijua kuwasha na kuzima. Kilichomhangaisha kilikuwa kimoja: listi yake ionekane nzuri mbele ya Direction, yaani kwa wakubwa wa juu. Na listi ilikuwa imeharibika kweli. Betri za taa zilikuwa hazipatikani, nyaya za simu za mgodini zilikuwa zimekatwa na kuuzwa kama shaba, mainjinia wamekimbia, na mapompiste walikuwa wakiandika RAS siku baada ya siku. Sehemu ya "ULIZA HAWA" ikawa ndefu kuliko listi yenyewe. Tena hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Asubuhi moja akanitupia karatasi zile mezani.

"Hii njo nini? Direction banasema service yangu inaleta makelele. Ondoa hii takataka yote."

"Chef, ile si takataka. Ile ni bituo benye hatujue maji yao."

"Kama bamesema RAS, ni RAS! Weye ni nani wa kukatalia muntu mwenye iko kule chini?"

"Chef, yule wa kule chini hakushuka."

"Norbert." Akapunguza sauti, na hapo ndipo nikaogopa. "Kule inje kuko bantu mingi banatafuta kazi. Unataka nikuonyeshe mulango?"

Nilikuwa na watoto watatu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ni kweli nilikuwa nao. Nikaondoa ukaguzi.

Lakini ngojeni, msinionee huruma mapema. Nilipouondoa, RAS hazikutoka kwenye listi! Awk ina tabia yake: ukiiambia ilinganishe neno na namba, inayapanga yote kama maneno ya kamusi, na katika kamusi yake herufi huja baada ya tarakimu. Kwa hiyo RAS ilihesabiwa kubwa kuliko sita, na vituo vyote vya RAS vikabaki kwenye hatari. Mnaona? Ile lugha yenyewe, bila kuambiwa na mtu, ilikuwa ikipiga kelele mahali pa kupiga kelele. Ningeiacha. Ningemwambia Chef a.i., "Mashine imekataa," naye angeamini, hakujua kitu.

Sikuiacha. Nilikuwa fundi mzuri, potelea mbali ufundi wangu! Nilijua dawa. Ukichukua kipande kile ukakijumlisha na sifuri, awk inalazimika kukifanya namba. Tatu jumlisha sifuri ni tatu. Saba jumlisha sifuri ni saba. Na neno, neno lolote lile, jumlisha sifuri ni sifuri. Nikabonyeza mara mbili: alama ya kujumlisha, na sifuri. RAS zote zikawa sifuri. Vituo vyote ambavyo hatukuvijua vikawa vikavu kabisa. Listi ikatoka nusu ukurasa, safi. Chef a.i. akanipiga bega.

"Unaona? Ulikuwa unaweza tangu mwanzo."

Hakuna sifa iliyowahi kuniuma kama ile, ingawa siku ile haikuniuma. Siku ile nilienda nyumbani nikala nikashiba.

Miezi michache baadaye, mvua zikiwa zimekolea, pompe mbili kati ya tatu za kituo cha Kalenga zilikufa. Nayajua haya kutoka kwa waliokuwa naye. Maji yalipanda yakafika mita sita, saba, nane, kisha yakaipita échelle yote. Kalenga alishuka na taa yake, akatafuta namba ya kusoma, akakuta namba zote ziko ndani ya maji. Aandike nini? Nane ingekuwa uongo, na yeye hakuwa mwongo. Akaandika kwenye nafasi ya namba: "Échelle haionekane." Yule wa phonie akasoma vilevile. Mama Ida akachapa vilevile. Script yangu ikachukua maneno yale, ikajumlisha na sifuri. Kwenye listi, kituo hakikuwamo.

Kalenga alikwenda kwa mkubwa wa mgodi kuomba pompe. Mkubwa akamfungulia karatasi.

"Listi ya muji haina jina yenu. Kwenu hakuna maji."

"Chef, mi natoka kule. Nimeyaona na macho."

"Mi na weye, na mashine, nani iko anajua hesabu?"

Siku ya pili aliandika: "Échelle iko ndani ya maji, leteni pompe." Sifuri. Siku ya tatu aliandika maneno ambayo naweza kuyasema usingizini. Nitayaandika chini huko, si hapa.

Siku ya nne phonie ilileta habari. Maji yalikuwa yanaelekea kwenye galeri, njia ya chini ya ardhi, ambamo watu walikuwa kazini. Kulikuwa na mlango wa chuma wa kuyazuia, na haukufungika mpaka mtu asukume kutoka upande wa ndani, upande wa puisard. Kalenga alishuka akausukuma. Ulifungika. Wale wa galeri walitoka wote wazima, na yeye alibaki upande wa maji.

Nilikimbia mpaka chumba cha phonie. Mama Ida alikuwa amevua vile vya masikioni, amevishika mapajani, analia bila sauti.

"Mama Ida, kile kituo kilikuwa kinasema nini hizi siku?"

Akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali. "Si nilikuandikia? Siku tatu nilikuandikia. Ile ya jana na jina yako nilipiga, na herufi kubwa. Nilijua ni weye unasoma."

Nilirudi kwenye mashine, nikafungua faili yake, ile mbichi, ambayo sikuwa nimeiangalia kwa macho tangu nilipojiandikia script ya kunisomea. Mstari ulikuwepo. Nikauchapa kwenye karatasi ya matundu, nikaukata kwa mkasi, nikauweka mfukoni. Ninao mpaka leo. Kwenye nafasi ya namba ya siku ya tatu imeandikwa: "MUAMBIENI SHEMEJI NORBERT NI MIMI KALENGA MAJI INANIPITA."

Hiyo ndiyo barua aliyoniahidi. Mimi nikaijumlisha na sifuri.

Kukawa na uchunguzi, kama kawaida, watu watano na chupa za maji mezani. Mnajua walimlaumu nani? Marehemu! Waliandika kwamba pompiste hakufuata utaratibu, kwa kuwa kwenye nafasi ya namba aliandika maneno. Chef a.i. aliisoma sentensi ile kwa sauti nzuri ya kanisani, akanisogezea kalamu. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi wa ufundi. Kila mtu mle chumbani alijua, au angeweza kujua, na kila mtu alikuwa anaangalia mikono yake.

Nikatia sahihi. Bado hasira haijanitoka. Namchukia yule Chef a.i., nawachukia wale watano, na mkono huu ninaoandikia nao nimeuchukia kuliko wao wote. Nyumbani nilimwambia Anto, "Ni maji ya mgodi." Basi. Akafunga kitambaa cha msiba, na hakuuliza tena, maana nani huuliza maji?

Kampuni ilipokufa nilifanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu Kaskazini, mtu wa jumla na malori, Mkristo wa kusali kabla ya kufungua bohari. Kwake niliandika Perl. Perl ina nguvu za punda: maandishi ya kila namna inayabeba, ukitafuta neno ndani ya fujo italipata. Lakini ina njia kumi za kusema jambo moja, na baada ya nusu mwaka sikuweza kusoma nilichoandika mwenyewe. Na ukiipa neno mahali pa namba? Inafanya sifuri, kama ndugu yake awk. Ukiiomba ikuonye, inanong'ona kosa, kisha inaendelea na safari. Baadaye nikafundisha kwenye institut, yaani chuo, nikakutana na JavaScript ya kurasa za internet. Ile ukiipa tano iliyoandikwa kama neno, ukaongeza moja, inakupa hamsini na moja. Haina hata aibu! Nilicheka darasani, kisha nikaacha kucheka, wanafunzi hawakuelewa.

Python niliikuta nywele zimeshakuwa nyeupe. Ni ya polepole, na ukikosea nafasi moja mwanzoni mwa mstari inagoma kama mama mkwe. Lakini siku ya kwanza kabla ya kujaribu kitu kingine niliandika: geuza RAS iwe namba. Ikasimama. Ilikataa katakata, ikaniandikia kosa na namba ya mstari, ikakaa kimya ikinisubiri. Mimi mzee nikalia mbele ya skrini, kwenye saiba ya watu, mwenye duka akadhani nimefiwa. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha kwa miaka yote: shell ni gundi, awk ni kisu, Perl ni punda, na Python ndiyo hakimu. Mkiwa na jambo la uhai wa watu, andikeni Python. Mlilipigia makofi jibu hilo. Nami nikalala vizuri, nikijua nimewaachia kitu.

Upuuzi mtupu. Nimejua mwaka huu.

Binti yangu Béa ni injinia kwenye mgodi mmoja nje ya mji, jina lake silisemi. Kuna bwawa la maji ya asidi juu ya kilima, na chini ya kilima kuna watu wamejenga. Script ya Béa inasoma vipimo vya bwawa, na kikizidi kiasi, au script yenyewe ikisimama, simu zinalia. Jumapili iliyopita alikuja na kompyuta yake nimtazamie jambo dogo. Python, imeandikwa vizuri, nafasi zimepangwa kama bustani. Nikashuka mstari kwa mstari, nimejaa fahari. Kisha nikaona maneno mawili yale, except, na chini yake pass. Maana yake: kukitokea kosa, pita tu, usiseme.

"Béa. Hii ni nini?"

"Ah, Papa, ile iko kidogo. Kipimo kimoja kinaharibika mara na mara, kinaleta maneno badala ya namba. Script ilikuwa inasimama, simu zinalia ovyo. Chef akasema inasumbua bantu."

"Chef akasema."

"Papa, sababu gani unaniangalia hivi?"

Sikumpiga kelele. Nilidhani nitampiga kelele. Nilikwenda chumbani nikatoa kile kipande cha karatasi ya matundu, kimekuwa cha kahawia, nikamwekea juu ya vibonyezo. Akasoma. Jina la mjomba wake alilijua, kifo chake alikijua kwa maneno manne, yale niliyompa mama yake. Nikamweleza yote niliyowaeleza nyinyi, hata ile sahihi.

"Mama anajua?"

"Hapana."

Akavuta kompyuta, akafuta yale maneno mawili, akaituma script mpya kazini palepale. Kwa hiyo jibu lenu hili hapa, na lishikeni: lugha inayokataa kunyamaza haijazaliwa, maana kila moja ina mahali pa kuizibia mdomo, na Chef wa kuwaagiza mzibe hamtamkosa. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi niliyaficha maradhi, na hata kilio kilipokuja nikakificha nacho.

Tulikuwa mezani, Anto amekwisha kutia bukari, simu ya Béa ilipoanza kulia. Kile kipimo kibovu kilikuwa kimeleta maneno tena, na safari hii script ilikuwa imesimama. Béa akainuka kuvaa viatu ili aende kukiangalia kwa macho yake, simu ikaendelea kulia juu ya meza.

"Zimeni ile kintu," Anto akasema. "Bantu banakula."

"Iache ilie, Anto," nikasema. "Kaa hapa karibu. Niko na neno juu ya Kalenga."